Picha Bichi ya Moshi wa Juu

Kamera ya Tulibako ilikuwa jinga, na mwenyewe ndivyo alivyoitaka. Ukiielekeza kwa ng'ombe ilipiga ng'ombe, ukiielekeza gizani ilipiga giza, basi. Haikujua kwamba ng'ombe ana miguu minne. Kama mguu mmoja umefichwa na majani, picha ilitoka na miguu mitatu, na wenzake wa kituo cha maziwa wakacheka hadi wakashika mbavu. Wengi wao walikuwa hawajaona picha yenye upungufu tangu wazaliwe.

Simu zao zote zilikuwa na Mjazo. Mjazo ulijua ng'ombe, ulijua milima, ulijua mtu anavyotakiwa kuonekana, na palipopungua kitu uliweka. Ambwene, mdogo wake Tulibako, aliolewa siku ya mvua ya mawe. Kwenye picha jua linawaka na bwana harusi hana tope hata kwenye kiatu. Hakuna aliyelalamika. Nani anataka tope?

Aliyelalamika ni mama yao, Bibi Sekela, na alilalamika mara moja tu, wiki ile waliyomzika mumewe. Aliomba aletewe picha ya marehemu. Wakamletea, akaisogeza karibu na pua maana macho yalikuwa yameshaanza kumtupa, akaitazama weee, halafu akasema, "Huyu ana meno yote."

Baba yao alikuwa na pengo la mbele tangu ujana, siku ndama alipomrushia teke. Pengo hilo ndilo lililompa mluzi wake, ndilo lililompa kicheko chake. Wakatafuta picha nyingine. Wakauliza kwa majirani, kwa shangazi, kwenye simu za watu wa kanisani. Zilipatikana picha mia na zaidi, na pengo halikuwemo hata katika moja. Siku hiyo hiyo Tulibako akaingia stoo ya kituo, akachakura hadi akaitoa kamera ya kizamani iliyokuwa ikikagua ndani ya matangi ya maziwa kabla Mjazo haujaja. Akaipangusa, akaiwasha, na hakuiacha tena.

Huo ulikuwa mwaka wa nne. Sasa ilikuwa Jumamosi ya mwezi Juni, juu kule nyanda za Kitulo ambako asubuhi majani hukatika kwa barafu ukiyakanyaga, na Bibi Sekela alikuwa jikoni anamenya viazi kwa kupapasa.

"Alhamisi ndiyo wananiwekea macho mapya," alisema.

"Ndiyo, mama. Ambwene anakuja kukuchukua Jumatano alasiri."

"Na hayo mapya yana ule Mjazo."

Tulibako, fundi wa mitambo ya baridi kwa miaka ishirini na sita, hakuwa na jinsi ya kulipamba jibu. "Yanao. Jicho la kupandikiza lenyewe linaona kidogo sana, mama. Mjazo ndio unaomalizia. Yasiyo na Mjazo hayatengenezwi tena."

Bibi Sekela akatupa kiazi kwenye sufuria, akachukua kingine. "Sikatai. Nimechoka kumwagia chai mezani. Ila kabla hawajanitoa haya, nataka niuone Moshi wa Juu. Niuone kwa macho haya haya aliyoyajua baba yenu."

Moshi wa Juu ulikuwa jina la nyumbani kwao tu. Vitabuni ni nebula, wingu kubwa la gesi na vumbi ambamo nyota zinazaliwa, na lipo kwenye zile nyota ziitwazo Mshale. Lakini baba yao, aliyekuwa fundi wa kituo kabla ya binti yake, alisaga kioo cha darubini kwa mikono yake miaka miwili nyuma ya chumba cha pampu. Darubini ilipokamilika alimwita mkewe mpya aje achungulie kwanza. Bibi Sekela alichungulia, akasema kunaonekana kama moshi unaotoka kwenye paa asubuhi ya baridi. Jina likashika.

Sasa macho yake yasingeweza tena kuona kitu hafifu hivyo kwenye darubini. Picha kubwa, dirishani, kwenye mwanga wa mchana, hiyo angeweza. Na ilibaki Jumamosi, Jumapili, Jumatatu na Jumanne.

"Nitakupigia," alisema Tulibako. "Picha bichi. Haitaongezwa kitu."

"Najua," alisema mama yake, na akaanza kuimba kidogo kidogo, kwa jinsi alivyoridhika.

*

Jumamosi kulikuwa na mawingu. Jumapili mawingu. Jumatatu ilinyesha, Juni hiyo hiyo ambayo hainyeshi. Tulibako alilitazama anga akalitukana kwa sauti ya chini, halafu akaomba radhi maana ilikuwa imebaki siku moja tu na hakutaka ugomvi.

Jumanne saa moja jioni upande wa mashariki ukafunguka. Siyo wote, jamani, tusidanganyane; wingu jembamba lilikuwa linapita na kurudi kama mtu aliyesahau kitu. Lakini nyota za Mshale zilikuwa zinapanda juu ya uzio wa uani, na Tulibako hakuwa na usiku mwingine wa kuchagua.

Akaburuta darubini ya baba yake nje. Bomba lake lilikuwa la bati, na ubavuni marehemu aliandika kwa rangi sharti lake moja: ONGEZA MWANGA, USIONGEZE KITU. Mahali pa jicho akafunga kamera jinga. Nyuma ya kamera akaunga kipande cha mtambo wa kupozea maziwa kilichotolewa kwenye tangi bovu, maana kamera ikipata joto inaanza kuona vitu visivyokuwepo, chenga nyeupe kila mahali. Mtambo ukiunguruma unatikisa darubini, kwa hiyo katikati aliweka kipande cha godoro. Mwenye vyombo vya kisasa angecheka. Lakini kipimo kilisoma nyuzi ishirini chini ya sifuri, na darubini ilikaa tuli.

Picha moja ingechukua dakika kumi kamera ikiwa imefumbua jicho, huku mota ndogo ikiisogeza darubini taratibu kufuata nyota. Na picha moja haina maana yoyote. Ni chenga tupu, kama televisheni iliyokosa stesheni. Ila chenga huanguka ovyo, mara hapa mara pale, na nuru ya kweli huangukia palepale kila safari. Ukizipanga picha nyingi moja juu ya nyingine, ukazichanganya, chenga zinamezana zenyewe na kilichokuwepo kweli kinabaki. Kwa kawaida Tulibako alitaka picha sitini. Usiku huo angeshukuru akipata kumi na tano.

Akaanza. Ya kwanza ikaisha na wingu jembamba ndani yake. Ya pili na ya tatu vivyo hivyo. Akavuta kigoda, akajifunga blanketi, akazima kila taa ya nyumba. Ndani mama yake alikuwa anaota moto gizani bila malalamiko, tena alisema amezoea.

Picha ya nne ndiyo iliyompandisha moyo. Wingu likajitoa kabisa. Anga likawa jeusi, jeusi la kweli, na nyota zikasimama bila kupepesa. Tulibako aliona kwenye kioo kidogo cha kamera jinsi nuru ilivyokuwa inajikusanya, dakika ya kwanza, ya pili, ya tano. Mkia wa Moshi ulianza kujichora, ule mkia mwembamba alioupenda baba yake. Alijikuta anatabasamu peke yake kama mwehu.

Dakika ya saba ikasikika sauti kwenye njia ya nje ya uzio. "Hodi hapa!"

Alikuwa Mzee Tweve, jirani, rafiki wa marehemu, anatoka kumwangalia ng'ombe wake aliyekuwa karibu kuzaa. Mzee Tweve hakuwa mtu wa kupita nyuma ya nyumba ya mtu kimya kimya kama mwizi. Na alipoona nyumba iko giza totoro saa mbili na nusu usiku, ndiyo kabisa, ilibidi ajue kulikoni. Mkononi alikuwa na tochi kubwa ya njano, na masikio yake hayakuwa mazuri.

Tulibako alijua kila neno litakaloongezwa litaongeza sekunde za tochi. Alijua pia kwamba mzee huyu ndiye aliyeshika jembe la kwanza kaburini kwa baba yake. Kumkatisha salamu ni jambo lisilowezekana.

"Karibu, baba. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona giza? Hamjambo hapa?"

"Hatujambo, baba. Tochi yako, naomba uielekeze chi..."

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Baba, tochi..."

"Alhamisi ndiyo safari ya macho?"

"Ndiyo, baba."

"Eeh, Mungu amsaidie. Na ng'ombe wa kituo?"

"Wazima."

"Na baridi hili?"

"Tunalo, baba."

"Unasema tochi?" akasema Mzee Tweve, na ili aone vizuri anachoambiwa akainyanyua juu ya uzio, mbele kabisa ya mdomo wa darubini. "Hii hapa. Betri mpya."

Tulibako alifumba macho. Angeweza kulia, na angeweza kucheka, na kwa kuwa mama yake ndani ya nyumba alikuwa ameshaanza kucheka, akacheka naye. Akamweleza mzee taratibu, karibu na sikio. Mzee Tweve alishtuka, akazima tochi, akaomba radhi mara nne, akaenda zake gizani huku anajikwaa na kumsalimia kila aliyemfikiria yuko njiani.

Kwenye picha ya nne, kona ya chini, palikuwa na doa la mwanga, la njano, mviringo, kama kiini cha yai. Sehemu nyingine ya picha ilikuwa safi kuliko zote.

Wingu jembamba likarudi. Akapiga ya tano, ya sita, hadi ya tisa. Kisha likaja wingu nene kutoka upande wa bonde, likafunika Mshale na kila kitu, na likalala hapo hapo. Picha tisa. Tulibako alifunga vyombo, akaingia ndani, akainyoosha mikono motoni.

"Umepata?" aliuliza mama yake.

"Nimepata kidogo."

"Kidogo kinatosha," alisema Bibi Sekela, na alionekana hana wasiwasi hata chembe.

*

Jumatano mchana Tulibako alikaa ofisini kwake kituoni, nyuma ya matangi, akazipanga picha tisa moja juu ya nyingine. Zikatoa Moshi. Ulikuwa hafifu, wa kijivu na wekundu wa mbali, umejaa chenga kingoni, na pale kona ya chini tochi ya Mzee Tweve inang'aa. Akajaribu kuiondoa picha ya nne. Doa likatoweka, na mkia wa Moshi ukatoweka nalo. Akairudisha. Mkia ukarudi, na mzee akarudi. Akaongeza mwanga hadi mwisho wa sharti la baba yake, akachapa kwenye karatasi kubwa.

Ambwene alifika saa tisa akiwa bado na sare yake ya uuguzi. Alimpenda mama yake kwa pupa, kama anavyofanya kila kitu. Yeye ndiye aliyepigania nafasi ya macho kwa miezi kumi na nne, akimpigia simu kila mtu anayepokea simu. Akaishika ile karatasi, akaigeuza juu chini, akaigeuza tena.

"Dada, hii ni nini?"

"Moshi wa Juu."

"Mimi mwenye macho mazima naona majivu. Mama ataona nini?"

"Ataona kilichopo."

"Hataona kitu! Atajitahidi, atakodoa macho, kisha atasema ameona ili usiumie. Humjui mama?" Ambwene akakaa kwenye ukingo wa meza, sauti ikashuka. "Ni mara ya mwisho kwa macho yake, dada. Unataka mara ya mwisho iwe majivu? Nipe moja hapo, yoyote."

Tulibako hakukataa. Hilo alilikumbuka baadaye na lilimuuma: kwamba hakukataa. Ambwene akachukua picha ya kwanza kati ya zile tisa, ile chafu yenye wingu, akaitia kwenye simu yake. Sekunde moja. Mjazo ukatambua ni sehemu gani ya anga na ukaweka kila kitu mahali pake. Waridi, buluu, mikunjo ya vumbi kama hariri, nyota kama zimeoshwa. Ilikuwa nzuri ajabu, na katika hiyo yote, kilichotoka uani kwao kilikuwa karibu na sifuri.

Waliichapa. Wakaenda nayo nyumbani, hatua hamsini kutoka kituoni, na Tulibako ndiye aliyeibeba. Ile nyingine aliikunja akaiweka ndani ya koti, bila kujua kwa nini.

Bibi Sekela alikuwa ameshavaa gauni la safari. Wakamkalisha dirishani, jua likiwa linaingia vizuri, akaishika picha kwa mikono miwili na kuisogeza hadi puani.

"Jamani!" alisema. Akaipitisha polepole kushoto kwenda kulia, juu kwenda chini. "Jamani, jamani. Ina waridi. Hii ni buluu? Ambwene, njoo uone."

"Nimeona, mama. Nzuri sana."

"Nzuri kama kalenda." Akatabasamu. Akaitazama tena. "Kumbe ulikuwa hivi. Mimi niliona kijivu."

Dada wawili walitazamana.

"Ile siku," aliendelea Bibi Sekela, bado anatabasamu, "baba yenu alinishika bega, akaniuliza, umeona? Nikamwambia naona moshi, wa kijivu. Akafurahi, akasema ndio huo huo, umeuona sawasawa. Kumbe sikuuona. Macho yangu yalikuwa mabovu tangu zamani, na yeye alinihurumia tu asinivunje moyo." Akaiweka picha mapajani, akailainisha kwa kiganja. "Basi, si kitu. Nimeuona sasa. Asanteni, wanangu."

Hakuwa na huzuni. Hilo ndilo lililokuwa baya. Mama yao alikuwa ameridhika kabisa, amekaa juani na gauni lake zuri, na kwa dakika chache tu alikuwa ameiachia siku moja ya ujana wake iende, kwa sababu karatasi ilimwambia hakuona alichokiona. Ambwene alimkanyaga dada yake mguu: nyamaza. Gari lilikuwa nje. Ndani ya nusu saa wangekuwa wameondoka, na kesho macho hayo yasingekuwepo tena, na asingekuwepo mtu wa kujua.

Tulibako alihisi ile karatasi iliyokunjwa kifuani. Alimwogopa Ambwene kidogo, na alimwogopa mama yake zaidi.

"Mama, nirudishie hiyo."

"Dada!" Ambwene akasema. "Unamnyang'anya mgonjwa furaha yake siku ya safari?"

"Si yenyewe, mama. Imejazwa. Niliyopiga ni nyingine."

Bibi Sekela aliinua uso upande sauti ilikotoka.

"Umenidanganya?"

"Nimekudanganya."

"Kwa muda gani?"

"Kama robo saa."

"Uongo wa baba yenu haukuwahi kufika robo saa," alisema Bibi Sekela. "Lete hiyo nyingine."

Tulibako akaikunjua, ina mistari ya mikunjo katikati, akaiweka mikononi mwake. Mama akaisogeza puani. Akaipitisha kushoto kwenda kulia. Hakuona kitu. Akarudia. Ambwene alikuwa amempa mgongo, anatazama ukuta, na mabega yake yalikuwa yamekakamaa. Tulibako alitaka ardhi ipasuke. Akapiga magoti, akaushika mkono wa mama yake, akakiweka kidole chake cha shahada juu ya karatasi.

"Anzia hapa, mama. Panda taratibu. Hapa pana weusi. Sasa hapa panaanza."

Kidole kikapanda. Kikasimama. Kikarudi nyuma kidogo, kikapanda tena, safari hii chenyewe, bila kuongozwa, kikifuata mkia mwembamba hadi ulipokwisha.

"Ndio huu," alisema Bibi Sekela, na sauti yake ilikuwa ya msichana. "Kijivu. Si niliwaambia? Kijivu! Ndio huu huu, na mkia wake." Akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, na hakujifuta. "Kwa hiyo niliuona. Nilimwambia kweli, na yeye aliniambia kweli."

"Uliuona, mama."

Ambwene aligeuka. Alikuwa analia pia, na alikuwa bado na hasira, na alikuja akapiga magoti upande wa pili. Hakuomba msamaha, si mtu wa hivyo. Alimpangusa mama yake uso kwa ncha ya kitenge chake.

"Na huku kwenye kona?" aliuliza Bibi Sekela. "Huku kuna kitu kinawaka. Hiki nakiona hata bila kidole. Ni nyota gani?"

"Huyo ni Mzee Tweve," alisema Tulibako. "Alipita kusalimia."

Walicheka mpaka dereva akapiga honi mara mbili.

*

Wiki tatu baadaye Bibi Sekela alirudi. Aliteremka garini bila kushikwa mkono, akahesabu kuku wote uani, akasema mmoja amepungua, na ilikuwa kweli. Ambwene alikuwa anamfuata nyuma akijidai kama yeye ndiye aliyeyatengeneza hayo macho.

Mama alimsimamisha Tulibako mlangoni, akamtazama.

"Umekuwa mzuri," alisema, kwa mashaka kidogo. Akainua mkono, akampapasa taya la kushoto hadi kidole kikakuta lile kovu aliloachiwa na gesi ya kupozea akiwa na miaka thelathini. Hapo akapumua. "Lipo. Macho yanasema halipo, lakini lipo."

Wakaingia ndani. Picha bichi ilikuwa imebandikwa ukutani juu ya meza ya chai, na mikunjo yake. Tulibako alikuwa ameibandua mara mbili wiki hiyo na kuirudisha mara mbili. Alijua kitakachotokea. Jicho jipya likikutana na nebula litaitambua, na litafanya kazi yake.

Bibi Sekela alisimama mbele yake, akaipitia kushoto kwenda kulia.

"Wameipaka rangi," alisema hatimaye. "Waridi. Buluu. Ile ile ya kalenda."

"Hakuna aliyeigusa, mama. Ni macho."

"Najua ni macho. Sijaja mjinga, nimekuja na macho mapya."

"Nitaitoa. Kesho nitakutafutia kitu kingine cha kuweka hapo."

"Hebu ngoja." Bibi Sekela akasogea, akainama kuelekea kona ya chini, kama mtu anayesoma barua. Akaweka kidole. "Hapa pana njano. Mviringo. Hivi ndivyo ilivyokuwa?"

Tulibako akaangalia kidole kilipokuwa. Mjazo ulikuwa umeona nebula maelfu kwa maelfu. Ulijua kuondoa vumbi, mikwaruzo, hata michirizi ya mitambo inayopita angani. Lakini duniani kote, katika picha zote ulizolishwa, haukuwahi kuona mzee akisalimia mbele ya darubini. Haukujua pajazwe nini. Ukapaacha.

"Ndivyo ilivyokuwa, mama. Hivyo hivyo."

"Basi usiitoe." Kidole cha Bibi Sekela kilianzia kwenye tochi, kikashika njia, kikapanda taratibu kuelekea mahali mkia ulipoanzia, na alipofika hapo alifumba macho yake mapya. "Nikianzia hapa nakumbuka mengine yote yalivyokuwa. Kijivu."

Ambwene, aliyekuwa akiweka maji ya chai jikoni, alichungulia na hakusema neno. Jambo la nadra, na Tulibako alilihifadhi.

Nje, upande wa uzio, mchana kweupe, mtu akakohoa, na sauti wanayoijua ikapaa. "Hodi hapa! Mgonjwa amerudi?"

Bibi Sekela hakugeuka kutoka ukutani.

"Karibu, shemeji," akaita. "Nilikuwa nakutazama."